Haliyaonekana

Skana i juu ya meza, taa yake ya kijani yawaka.
Nimeifuta chumvi kwa kitambaa na spiriti,
maana hapa Langoni chumvi huingia hata sanduku lililofungwa.
Kebo nimeichomoa, nikaichomeka tundu la pili, la tatu,
nikairudisha la kwanza kwa bismillahi.
Kompyuta yanijibu: hakuna kifaa.

Barke, binti wa ami yangu, ameketi ukingoni mwa kitanda,
bahasha ya kaki magotini:
cheti chake cha kuzaliwa,
kitambulisho cha marehemu baba yake,
barua ya chifu yenye muhuri uliokwenda upande.
Afisi yavitaka vyote kwa barua pepe kabla ya Alhamisi adhuhuri.
Leo Jumatano. Saa tatu usiku.

Naandika amri ya kuuliza ni nani waliochomekwa.
Mashine yawataja mmoja mmoja:
kipanya, kibodi, kile kijiti cha intaneti,
na skana, kwa jina lake kamili na namba ya kiwanda.
Yaijua! Yaijua kabisa!
Nafungua saraka ya vifaa,
pale ambapo kila kifaa huwa na faili lake,
mlango wa programu kupigia hodi.
Diski ina lake. Sauti ina lake.
Skana haina.

"Yaani," asema Barke, "yuko, mwamuona, na jina lake mwalijua,
ila hayumo?"
Hayumo.
Acheka kwa pua.
"Basi huyo ni mimi."

Mara nne ametoka Kizingitini alfajiri,
mara nne karani amemwita kwa jina kabla hajaketi,
akamuuliza hali ya mama na mguu wake,
akafungua kabati, akafunga kabati.
Haliyaonekana.

Nazima, nawasha. Nywila naikosea mara mbili.
Halafu, kwa ujinga wa usiku,
nalitengeneza faili kwa mkono,
nalipa jina lile lile na namba zile zile.
Likakaa pale, zuri, kama la haki.
Programu ikapiga hodi; nyuma ya mlango hapana mtu.
"Hilo nami nalitajiwa bei," asema Barke.
"Elfu sita. Bwana mmoja pale jeti ya Mokowe."
Nikalifuta.

Sasa nasoma kumbukumbu za mashine, kutoka chini kupanda juu,
mistari mia kwa mia, mato yakiniwasha.
Jumapili, saa nane na dakika kumi na mbili mchana:
masasisho yameanza.
Kisha hakuna mstari hadi saa moja ya usiku.
Jumapili! Stima ilipotea tukiwa na wali nusu sahani,
na Shee mdogo akalia kwa ajili ya katuni zake.
Nikaifungua ile kanuni inayogawa mafaili kwa vifaa.
Imekatikia katikati ya neno.
Si kebo, si chumvi, si skana.
Mwandishi alinyang'anywa taa kabla ya kumaliza neno.

Nalimaliza mimi. Herufi saba, alama moja ya kufunga.
Naiambia mashine isome kanuni upya.
Faili likaja kimya kimya, bila sherehe, kati ya wenzake.
Skana ikakohoa,
ule mwanga mweupe ukapita polepole chini ya kifuniko,
na uso wa ami yangu ukatokea kwenye kioo cha kompyuta,
kijana, kola kubwa, jicho moja dogo kuliko la pili.
Hatukusema kitu.

Saa sita kasoro robo, barua imekwenda.
Barke azipanga karatasi zake bahashani,
cheti juu, barua ya chifu chini, azitoa, azipanga tena.
"Na kule afisini," auliza,
"stima ilipotea Jumapili ya mwaka gani?"